Kuchonga mifereji ya nyaya ukutani bila kuijaza nyumba vumbi: mwongozo kamili

Wengi wanaoshindwa kazi hii hushindwa kwa njia moja. Mtu anachukua grinda, anajifunga kitambaa puani, anafungua dirisha na kuanza kukata. Dakika mbili baadaye hauoni hata mstari aliouchora mwenyewe. Mfereji unapinda, lipu inabanduka kingoni, vumbi linaingia hadi chumba ambacho hakikuguswa. Kisha anashika ufagio na kulirusha upya hewani.

Kinachomponza ni mpangilio. Anashughulikia vumbi baada ya kukata, ilhali vumbi la ukuta linatakiwa kukamatwa palepale diski inapogusa tofali. Likishatoka hapo, si dirisha wala feni itakayolikusanya tena. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo, kuanzia uchaguzi wa mashine hadi usafi wa mwisho.

## Vumbi hili lina nini

Matofali, bloku za saruji, zege na lipu ya mchanga vyote vina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga wenyewe. Diski inayozunguka kwa kasi huisaga silika kuwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Vumbi unaloliona likitua sakafuni lina nafuu. Lile usiloliona huelea hewani kwa saa nyingi, hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Vumbi hilohilo husababisha saratani ya mapafu. IARC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliitambua hatari hiyo rasmi mwaka 1997.

Kwa kipimo: sheria za kazi za Marekani zinaruhusu mikrogramu 50 tu za silika hiyo laini kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Grinda inayokata kavu chumbani bila kitu cha kuvuta vumbi hukivuka kiwango hicho mara nyingi sana. Ndiyo maana nasisitiza: kama huna vifaa vya kukamata vumbi, usianze.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Vya kukata:
- Mashine ya kuchonga mifereji yenye diski mbili, au grinda ya mm 125 iliyofungwa kifuniko cha kuvutia vumbi
- Diski ya almasi ya kukatia kavu
- Tindo pana, nyundo nzito, na drili ya nyundo yenye tindo kama ukuta ni mgumu

Vya vumbi:
- Vakyumu ya ujenzi ya daraja M au H, na mifuko yake ya akiba
- Nailoni nzito na utepe wa kunata
- Chupa ya kunyunyizia maji, ndoo na matambara

Vya kupimia:
- Pimamaji refu, futi ya chuma, penseli, uzi wa chaki
- Kifaa cha kutafuta nyaya, mabomba na nondo ndani ya ukuta
- Testa ya umeme

Vya mwilini:
- Barakoa ya FFP3 (daraja la juu la barakoa za kuchuja vumbi), au barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3, vya daraja hilohilo
- Miwani inayoziba pembeni, viziba masikio, glavu zinazobana, viatu vigumu

Vya kumalizia:
- Paipu za nyaya na vibanio vyake, lipu, brashi, mwiko na ubao mrefu ulionyooka wa kusawazishia

## Mashine ipi inakufaa

Kama una mfereji mmoja mfupi, tuseme mita moja kutoka swichi hadi soketi, tindo na nyundo vinatosha. Tindo hutoa vumbi kidogo kuliko diski kwa sababu huvunja badala ya kusaga. Ubaya wake ni kwamba hutikisa ukuta, na lipu ya zamani hubanduka vipande vikubwa kuliko ulivyokusudia.

Grinda yenye kifuniko hufaa kwa nyumba moja au vyumba viwili. Utakata mistari miwili sambamba, mmoja baada ya mwingine, kisha utavunja kilichobaki katikati. Angalia kwamba kifuniko kimetengenezwa kwa ajili ya grinda ya ukubwa huo na kina mdomo wa kuunganishia mpira wa vakyumu. Kifuniko cha kubahatisha kilichofungwa kwa utepe hutikisika, kikaacha uwazi pembeni, na uwazi huo ndiko vumbi linakotokea.

Mashine ya diski mbili ni chaguo langu popote penye zaidi ya mita chache. Inakata kingo zote mbili kwa mpigo mmoja, umbali kati ya diski unapangwa kwa pete, na kina kinafungwa kwa skrubu. Zaidi ya yote, diski zake zimezungukwa na boksi lililosanifiwa tangu mwanzo kuvuta vumbi. Kama huimudu kununua, azima au kodi. Siku moja ya mashine hii huokoa siku kadhaa za kusafisha.

Kuhusu diski, soma kasi iliyoandikwa juu yake. Diski nyingi za mm 125 huandikwa mizunguko 12,200 kwa dakika. Grinda yako isizidi namba iliyo kwenye diski. Usifunge diski kubwa kuliko grinda ilivyokusudiwa, na usiondoe kinga ili diski iingie ndani zaidi. Diski yenye meno ya kukatia mbao isiguse grinda kabisa, kwa ukuta au kwa kitu kingine chochote: ikinasa, huirusha mashine mikononi mwako.

## Vakyumu ndiyo nusu ya kazi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hununua mashine nzuri ya kukata kisha huiunganisha na vakyumu ya kusafishia zulia. Chujio lake huziba mapema, nguvu ya kuvuta inaisha, na chembe laini zinapita moja kwa moja na kutokea upande wa nyuma. Chumba kinaonekana kisafi kiasi, kumbe hewa imejaa ile silika tuliyoitaja. Mara nyingi mota nayo huungua.

Madaraja ya vakyumu za ujenzi yako matatu. L hupitisha hadi asilimia 1 ya vumbi, M chini ya asilimia 0.1, na H chini ya asilimia 0.005. Kwa mifereji ya ukutani, M ndiyo ya chini kabisa ninayoikubali. Tafuta yenye vitu viwili: mfumo wa kujisafishia chujio wakati inafanya kazi, na soketi ya kuchomeka mashine ya kukatia ili vyote viwake pamoja. Vakyumu hizo huendelea kuvuta kwa sekunde chache baada ya diski kuzimwa, na sekunde hizo zina maana kubwa, kwa kuwa mpira bado una vumbi ndani.

Tumia mpira mfupi na mnene. Kila kiungo na kila mkunjo hupunguza mvuto. Ziba viungo kwa utepe kama vinacheza.

## Barakoa na ndevu

Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii silika. FFP3 iliyokaa sawasawa usoni hupunguza unachovuta mara 20 hivi, lakini “iliyokaa sawasawa” ndilo neno la kuzingatia. Ndevu, hata za siku mbili, huacha njia ya hewa kati ya ngozi na barakoa. Nyoa sehemu inayogusana na barakoa, au tumia ya kofia yenye feni ya kusukuma hewa iliyochujwa.

Jipime hivi: vaa, funika uso wa barakoa kwa viganja, puliza kwa nguvu kidogo. Ukihisi upepo karibu na macho au mashavuni, rekebisha waya wa puani na mikanda hadi uishe.

Barakoa ni ya kuongezea. Haichukui nafasi ya vakyumu, kwa sababu hao wengine walio nyumbani hawajavaa.

## Hatua kwa hatua

### 1. Panga njia ya nyaya

Mifereji iende wima au mlalo kutoka kwenye swichi au soketi. Kamwe isiende mshazari. Miaka mitano baadaye mtu atapigilia msumari wa picha, na kitu pekee kitakachomwonyesha waya ulipo ni soketi anayoiona. Mfereji wa mshazari humwondolea dalili hiyo.

Pendelea wima. Kipimo kinachotumika sana kwa kuta za matofali ni hiki: mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Mlalo hukata njia ya uzito unaoshuka kutoka juu, ndiyo maana ruhusa yake ni nusu. Kwa ukuta wa mm 150, hiyo ni mm 50 kwa wima na mm 25 kwa mlalo. Kina hiki hupimwa kwenye tofali lenyewe. Lipu haihesabiwi kwa kuwa haibebi uzito.

Usichonge mifereji pande zote mbili za ukuta mahali pamoja. Usiguse nguzo, linta wala boriti za zege. Ukikutana na nondo, simama na ubadilishe njia. Bloku zenye matundu zina kuta nyembamba za ndani, hivyo pima unene wake kabla ya kuamua kina, na waachie mifereji ya mlalo wanaojua mahesabu ya majengo.

Umefanikiwa ikiwa mchoro wako wa karatasi una mistari iliyonyooka tu na mlalo haupo, au ni mfupi kabisa.

### 2. Tafuta kilichofichwa

Zima umeme kwenye swichi kuu, weka alama ili mtu asiuwashe, kisha thibitisha kwa testa kwenye soketi zilizo karibu. Kabla ya kuzima, jaribu testa yenyewe mahali unapojua pana umeme. Umeme wa kuendeshea mashine uvute kutoka chanzo kingine kisichopitia swichi kuu hiyo, kwa waya wa nje, na chenye kinga inayokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30.

Pitisha kifaa cha kutafutia polepole, mara moja kwa wima na mara moja kwa mlalo. Chora kila kinapolia. Mabomba ya plastiki mara nyingi hakiyaoni, kwa hiyo angalia bafu na jiko viko upande gani wa ukuta.

Nyumba kuukuu ina onyo lake. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na mapambo ya ukutani yenye mikwaruzo au mbao za saruji za kale zinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Ukiwa na shaka, usikate hadi sampuli ipimwe.

### 3. Funga chumba

Toa kila kinachotoka. Kisichotoka, kifunike kwa nailoni na kuibana pembeni kwa utepe. Ning'iniza nailoni mbili mlangoni, zipishane, ili mtu apite bila kuacha wazi. Ziba nafasi ya chini ya milango, matundu ya hewa na soketi zilizo wazi. Kiyoyozi kizimwe.

Kama kuna dirisha linalotazama mahali pasipo na watu, weka feni ikipuliza kwenda nje. Hewa itaingia chumbani kutoka nyumbani badala ya kutoka chumbani kwenda nyumbani. Feni ya kuzungusha hewa ndani haisaidii kitu. Inalifanya vumbi lisitue.

Nailoni ya mlangoni ikivutwa kidogo kuelekea ndani ya chumba, umefaulu.

### 4. Chora na pima kina

Chora kingo zote mbili za mfereji kwa pimamaji. Paipu ya mm 20 hukaa vizuri kwenye mfereji wa upana wa mm 25 hadi 30. Kina kiwe kinachoizamisha paipu na kubakiza angalau mm 10 za kufunika kwa lipu. Tuseme lipu iliyopo ina unene wa mm 12: jumla ya mm 30 kutoka uso wa ukuta inamaanisha unakata tofali kwa mm 18 tu. Hesabu hii huwashangaza wengi wanaochimba mara mbili ya kinachohitajika, na kila milimita ya ziada ni vumbi la ziada.

Funga kina hicho kwenye mashine na ujaribu sehemu itakayofunikwa na boksi la soketi.

### 5. Kata

Shika mashine kwa mikono miwili, mshikio wa pembeni ukiwa umefungwa. Simama kando ya mstari wa diski, usikae mbele wala nyuma yake. Washa vakyumu kwanza. Egemeza kifuniko chote ukutani, kikae bapa, ndipo uzamishe diski taratibu.

Sogeza mashine kwa kufuata mshale uliochorwa juu yake. Mwelekeo sahihi ni ule ambao diski inapingana nawe kidogo. Ukienda upande ambao inataka kujivuta yenyewe, itapanda nje ya mfereji na kurukia kwako.

Kwa grinda, pita mara mbili: ya kwanza kwa nusu ya kina, ya pili hadi mwisho. Usilazimishe, usipinde. Ukipotea mstari, zima, toa diski, anza upya juu kidogo. Kuirudisha kwa kuipinda ndani ya mfereji ndiko kunakoinasa.

Masikio yako yana kazi hapa. Vakyumu inayovuta vizuri ina sauti nzito, ya namna moja. Ikianza kulia juu, nyembamba, chujio limeziba au mpira umekunjika. Simama hapohapo. Angalia pia ukingo wa kifuniko: moshi mweupe mwembamba ukitoka upande mmoja, kifuniko kimeinuka, pengine kwa sababu lipu ina kinundu. Kipare kinundu kwa tindo na uendelee.

Diski ikitoa cheche nyingi na kukata pole, imechoka au imepata moto. Iache izunguke bila mzigo kwa nusu dakika, na uifanyie hivyo mara kwa mara hata isipolalamika. Pumzisha na mikono: mtikisiko wa muda mrefu huharibu mishipa ya vidole.

Unapofika kwenye pembe au dari kifuniko hakitafika mwisho. Usikiondoe. Sentimita zilizobaki ni za tindo.

Kumaliza: zima, acha diski isimame kabisa ikiwa bado imefunikwa, ndipo uinue. Ukiinua inapozunguka, vumbi lote lililomo ndani ya boksi litakurukia.

Kazi nzuri huonekana hivi: mistari miwili mikali, lipu haijabanduka, na sakafuni kuna unga kidogo tu chini ya ukuta.

Je, maji? Usimwagie maji grinda ya kawaida ya umeme. Mashine za kukata kwa maji zina kinga yake, na zinaacha tope linalotia madoa lipu. Ndani ya nyumba iliyokamilika, mvuto wa vakyumu ni bora.

### 6. Vunja ya katikati

Sasa kuna ukanda wa tofali uliosimama kati ya mistari miwili. Nyunyizia maji kidogo, ulowe bila kuchuruzika. Weka tindo ndani ya mstari mmoja, uilaze kidogo kuelekea mstari wa pili, upige. Ukanda utavunjika kwenye mzizi wake kwa vipande vya urefu wa kidole. Mwenzako ashike mdomo wa vakyumu sentimita chache kutoka tindo inapopiga.

Ukitumia drili ya nyundo, izime mzunguko, ibaki kupiga tu, na uielekeze kwa ulalo. Ikisimama wima dhidi ya ukuta mwembamba itatobolea upande wa pili.

Vipande vikubwa viwekwe kwenye mfuko kwa mkono, visitupwe chini kutoka juu.

### 7. Safisha kabla ya kuvua barakoa

Usifagie. Usipulize kwa hewa ya kompresa. Vuta mfereji kwa vakyumu, kisha ukuta kutoka juu kwenda chini, kisha sakafu, halafu pangusa kwa tambara lililolowa. Kunja nailoni kwa ndani, upande wenye vumbi ukiwa umefungiwa. Nguo zako zivute kwa vakyumu ukiwa bado umezivaa. Ukizikung'uta, umelirudisha vumbi hewani.

Mfuko wa vakyumu ufungwe mdomo kabla ya kutolewa, na chujio lisigongwe ukutani kulitoa vumbi.

Jaribio la kweli ni hili: zima taa, washa tochi na uimulike ikilala sambamba na ukuta. Utaona kwenye mwanga kama bado kuna chembe zinazoelea. Zikiwepo, acha vakyumu au feni ya kutoa nje iendelee, na barakoa ibaki usoni.

### 8. Laza paipu

Pangusa mfereji kwa brashi yenye maji. Laza paipu, uibane kila sentimita 40 au 50 isichomoze wakati wa kujaza. Kona ziwe mviringo mpana. Kona kali hukataa kupitisha nyaya. Pitisha kamba ya kuvutia sasa, paipu ikiwa bado inaonekana, maana ikishindikana leo unaweza kurekebisha. Weka ubao ulionyooka juu ya mfereji: paipu isiuguse mahali popote.

Picha moja ya kila ukuta, yenye futi ndani yake, itamsaidia yeyote atakayetoboa hapo baadaye. Kuunganisha nyaya kwenyewe ni kwa fundi umeme aliyeidhinishwa, na vipimo vya mfumo vifanyike kabla ya kurudisha umeme.

### 9. Jaza

Lowesha kingo za mfereji, kwani tofali kavu hunyonya maji ya lipu na kuifanya ipasuke. Sukuma lipu nyuma na pembeni mwa paipu kwanza, kisha jaza hadi mm 3 chini ya uso wa ukuta. Ikwaruze ikiwa bado mbichi ili ya pili ishike. Ikishakaza, weka ya kumalizia na uisawazishe kwa ubao ukiegemea kingo zote mbili.

Kujaza yote kwa mpigo mmoja huleta ufa wa nywele unaofuata mfereji mzima, na utajitokeza tena hata ukipaka rangi juu yake. Kwa mfereji mpana, zamisha wavu wa lipu kwenye tabaka la juu.

Subiri hadi rangi ya lipu mpya iwe moja kote, bila sehemu nyeusi zenye unyevu. Msasa ukihitajika, uwe ule wa kuunganishwa na vakyumu, na barakoa irudi usoni, kwa sababu lipu uliyoiweka jana ina mchanga uleule.